Waliosomewa Kwanza

Jumamosi iliyopita nilikuwa katika ukumbi mmoja wa mji wa Grand Prairie. Wanafunzi wa chuo wanaosoma habari za wenyeji wa asili wa nchi hii, waliokuwapo kabla ya Wazungu kufika, walirudi kuwasomea wazee wa wenyeji hao yale waliyoandika juu yao. Mwalimu wao ana sharti moja: wazee wasipokubali, hakichapishwi kitu.

Msichana mmoja alisoma juu ya mazishi. Bibi mmoja wa wenyeji hao akainua kiganja.

"Hapo futa, binti. Hayo ni ya kwetu wenyewe."

Msichana akaukata ukurasa mzima kwa mstari.

Kando yangu aliketi baba wa msichana huyo, Mkongomani anayefanya kazi ghalani. Alimkazia macho yule bibi, taya limekaza.

"Huyu mama ana bahati," akaninong'oneza. "Siye kule kambi ya wakimbizi, watafiti walituandika sana. Walituuliza mpaka namna tulizika watoto. Hakuna hata mutu moja alirudia kutusomea. Leo mutoto wangu mwenyewe anasomea mama wa wengine."

Nilimwomba ruhusa ya kuandika kisa hiki. Akakubali, mradi nimsomee kwanza. Jana nikampigia simu, nikamsomea. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba alikuwa na huzuni, akanikatiza.

"Futa hiyo. Haikukuwa huzuni. Ilikuwa wivu."

Nimefuta. Ni mara ya kwanza kuhaririwa na mtu niliyemwandika, na amenihariri vizuri kuliko wakubwa wangu hapa gazetini.