Vitambaa vya Gobore

Nimefungua sanduku la baba, na harufu ya nta ya nyuki na mafuta ya ng'ombe imenirudisha kwenye gereji yetu ya mji wa Laurel, huko Marekani.

Alilichonga mwenyewe kwa mbao za kitanda kilichovunjika. Lina nafasi ya pembe ya baruti, ya risasi, na ya vitambaa vya kuzifungia risasi kabla ya kuzishindilia kwenye mtutu wa gobore lake. Kukata vitambaa ilikuwa kazi yangu; kuvipaka nta na mafuta ilikuwa yake.

"Pamba tupu, mama," aliniambia. "Ukiwa na shaka, choma ncha. Pamba inakuwa jivu, nailoni inaganda kidonge."

Siku moja shuka la pamba nililokuwa nikikata liliisha, na katuni zilikuwa karibu kuanza. Nikamalizia na foronya kuukuu. Sikuchoma ncha.

Jumamosi, kwenye uwanja wa shabaha, kitambaa kiliyeyukia ndani ya mtutu na risasi iliyofuata ikakwama. Wenzake, wazee wa Kimarekani, wakamzunguka. Mmoja akauliza nani alikata vitambaa.

"Binti yangu," baba akajibu. "Huyu hakosei. Nadhani nta niliizidisha mimi."

Nilikuwa nyuma yake, nimelishika sanduku.

Jioni akayeyusha nta upya, akanipa niiguse, akauliza kama sasa iko sawa. Nikasema iko sawa.

Leo nimeviondoa vitambaa vyote sandukuni. Chini kabisa kuna kimoja cha foronya ile, kimekunjwa vizuri. Ncha yake imechomwa, imeganda kidonge.