Nilimuaga Meneja

Siku niliyoanza ukalimani katika mahakama ya Kwale, bendera yetu ilikuwa mpya, lakini hakimu alikuwa Mwingereza yule yule. Kazi yangu ilikuwa kumgeuzia maneno ya watu yawe Kiingereza, na ya kwake yawe Kiswahili. Karani mkuu, mtu wa Vanga asiyejua kucheka, aliniambia asubuhi hiyo, "Sikiliza. Ukishatamka, usirudi nyuma. Mkalimani anayejisahihisha hapa haaminiwi tena." Nilikuwa na Kiingereza cha shule na kiburi chake, basi nikaitikia.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya Mwinyihaji wa Gazi, dobi aliyefukuzwa na hoteli moja ya Diani kwa sababu ya sala ya Ijumaa. Alitaka arudishwe kazini. Meneja alidai mtu huyu aliitupa kazi. Mwinyihaji akashikilia kuwa alipewa ruhusa. Hakimu akamuuliza alimwambia nini meneja siku ile.

"Nilimuaga, akaniitikia kwa kichwa, nikenda zangu kuswali."

Kwetu pwani mtu huaga hata akienda dukani. Lakini mimi, kwa pupa ya kujionyesha, nilichagua neno la Kiingereza la kumuaga mtu usiyerudi tena kwake.

"Kumbe aliacha kazi mwenyewe," hakimu akasema, na ikanibidi nimwambie Mwinyihaji maneno hayo kwa kinywa changu. Alinitazama asielewe. Lahaula! Nililijua kosa langu pale pale. Nikamtazama karani mkuu, nikanyamaza. Kesi ikaanguka.

Nje Mwinyihaji alinishika mkono. "Ahsante, mwanangu. Wewe ulinisemea vizuri. Mzungu ndiye hakutaka kusikia."

Aliishia kukata boriti kwenye mikoko ya Gazi, kazi ya kuvunja mgongo. Mimi nilihamishiwa Msambweni, kisha nikarudishwa Kwale nikiwa karani mkuu. Wakalimani wangu niliwaamuru wajisahihishe mbele ya hakimu yeyote, wala sikuwaambia kwa nini. Hata mke wangu hakujua. Nilipokuwa Msambweni, Ijumaa nilikaa safu ya mwisho msikitini ili niwahi kutoka, maana Mwinyihaji alikuja kuswali huko, na kila akiniona alinishukuru upya. Sijapata kuona upweke kama ule wa kushukuriwa.

Nilipostaafu nilikwenda Gazi kumwambia. Mjane wake alinikaribisha chai.

"Umechelewa, bwana karani, tumemzika mwezi uliopita," akasema. "Alikuwa akikutaja sana. Akisema katika mahakama nzima ile, mtu wake alikuwa wewe peke yako."

Nikaimaliza chai, nikamuaga.