Kumtafuta Saidi Katika Magazeti ya Mbio za Magari

Nilikwenda Pemba, ile ya huku kwetu Msumbiji, kwa sababu ya shangazi yangu, Bi Zuhura, ambaye hakuwahi kukubali kaka yake asomewe hitima. Kaka huyo, Saidi, baba yangu mkubwa, aliondoka hapa Quionga zama za Mreno akifuatana na tajiri mmoja aliyekuwa akishindana kwa magari kule kusini. Hakurudi. Wazee walisema amekufa. Shangazi akawajibu kwamba mtu hasomewi kwa uvumi. Sasa macho yake yamefifia, na anaogopa kufa kabla hajajua.

"Wewe ndiye unayesoma Kireno," aliniambia. "Nenda kaniangalizie."

Palma nilipata kiti cha mbele katika lori la nazi. Tulipita Mocímboa, tukafika Diaca, askari wakatushusha kutazama hati. Njiani nyumba nyingi zilikuwa tupu: kuta zimesimama, mlango hakuna, mpapai umeota sebuleni. Dereva hakuwa msemaji. Nimezoea kimya. Mke wangu na watoto wako Mtwara tangu tulipokimbia vita. Nilirudi peke yangu kuangalia minazi, na siku nyingine sauti pekee ninayoisikia nyumbani ni kikohozi changu. Tulilala Mueda, kwenye baridi, na jioni ya pili nikaiona bahari ya Pemba.

Chumba cha magazeti ya zamani kiko nyuma ya ofisi ya serikali. Msimamizi wake, Dona Felismina, ni Mmakonde wa bara, mcheshi.

"Unatafuta nini, papá?"

"Baba yangu mkubwa. Alikuwa dereva wa magari ya mashindano."

"Mweusi, zama zile?" Akacheka. "Nyie watu wa pwani kwa kujisifu hamjambo! Labda aliendesha punda."

"Punda hawaandikwi gazetini, mamã."

"Haya, keti. Vumbi hatutozi."

Nilianza na kurasa za mwisho, zenye michezo, nikafuata majina ya madereva, kwa kuwa nyumbani tumesema siku zote kwamba Saidi alikuwa dereva. Yote yalikuwa ya Kireno. Msomaji mwingine hakuja. Mchana Felismina alikwenda kula kwake, nikabaki na feni inayolia.

Hatimaye nikaacha madereva, nikatafuta ajali. Hapo nikakuta jina la yule tajiri, ambalo shangazi alikuwa akilikumbuka. Gari lake liliacha barabara likagonga mti, akafa. Mwandishi alieleza rangi ya gari, nguvu ya injini, hata aina ya matairi. Mwisho kabisa aliongeza: amefariki pia fundi wake, mweusi, aliyeketi kando. Basi. Kwenye picha iliyopigwa kabla ya mbio, mkono mweusi umeshika boneti. Uso umekatwa na ukingo wa picha.

Felismina aliporudi akasoma, asicheke.

"Ndiye?"

"Sijui. Tajiri huenda alikuwa na mafundi wengi."

Kurudi kulikuwa kurefu zaidi. Ningeweza kumwambia shangazi kwamba jina nimeliona, naye asingekuwa na njia ya kunisahihisha. Nilifika Quionga bado sijaamua, lakini aliponishika mkono nikamtafsiria habari ile kama ilivyo.

"Jina?"

"Hakuna, shangazi."

"Matairi wameyataja?"

"Wameyataja."

"Umekwenda kote huko kuniletea matairi!" Akauachia mkono wangu. "Kumbe fundi. Nami nilivyowatambia watu na dereva wangu."

"Anaweza akawa mtu mwingine. Siwezi kukuapia."

"Huyo mwingine, kwao wamemsomea?"

"Watajuaje?"

"Basi kamwite mwalimu. Tumsomee fundi. Kama ni Saidi, itamfikia. Kama siye, mtoto wa watu naye apate."

Ijumaa, baada ya swala, tulikaa wachache barazani. Majirani wengi hawajarudi bado. Nilikwenda Pemba nikiamini kwamba gazeti litaamua. Nimejifunza kuwa gazeti lina mipaka, na kwamba aliyebaki nyumbani ndiye anayebeba uamuzi, tena bila uhakika.

Mwalimu akauliza jina la marehemu. Shangazi akasema, "Saidi." Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona akimlilia kaka yake. Siku ile alilia mpaka kisomo kikaisha.