Binti wa Vidole

Mshonaji mmoja alikuwa binti wa mpiga mandolini ambaye mtaa mzima ulimwita Vidole. Kiharusi kilipoulaza mkono wa kushoto wa baba yake, ule wa kubana nyuzi, jina likabaki kama kejeli. Wa kulia ulikuwa bado na uhai. Mzee aliweza kupitisha kidole kwenye nyuzi zisizobanwa, basi.

Kila jioni binti alifunika cherehani, akamwekea baba mto mgongoni, akaanza kukaza nyuzi: nane, zimekaa mbilimbili, na kila mbili lazima zilie kama moja.

"Bado," mzee alisema.

"Baba, zimeshakubaliana hizi."

"Masikio yako umeyashonea kwenye nguo za watu? Bado!"

Akarudia. Asante haikuwapo, lakini alijua zimekaa sawa pale mzee alipofumba macho na kunyamaza.

Kisha kaka mkubwa akaja kusalimia, mara ya kwanza tangu baba augue. Akaichukua mandolini, akazungusha ufunguo mmoja wa kukazia uzi huku na huku, akapiga. Nyuzi mbili za kati ziligombana waziwazi.

Mzee akatokwa na machozi. "Hapo sasa! Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Baba, hizo mbili zimeachana," binti akasema.

"Wewe kashone. Mwenyewe kaja."

Kaka aliondoka hata chakula hakijaiva. Tangu hapo mzee akakataza nyuzi zisikazwe tena: "Iache kama alivyoiacha mwanangu." Nyuzi zikazidi kulegea, mzee akizipapasa na kutabasamu, na binti pale kwenye cherehani akaumwa na ile sauti mbovu kuliko kuchomwa sindano.

Siku moja shangazi alikuja kumtazama mgonjwa. Akagusa nyuzi, akakunja uso. "Eh, kaka, nani kaiharibu?"

Mzee akamnyooshea binti kidole. "Huyo. Namkataza, hasikii."

Shangazi alimfuata jikoni. "Mwanangu, msamehe. Ni mgonjwa."

"Kapooza mkono, shangazi. Ulimi wake mzima."

Binti alimuuguza baba mpaka mwisho. Hakumnyima dawa wala chakula, na shuka zake zilikuwa safi. Maneno ndiyo aliyompimia: kula, geuka, lala. Jioni moja mzee aliomba, kwa sauti ndogo, amkazie nyuzi.

"Mngoje mwanao," binti alimjibu, akaendelea kupiga pasi.

Kaka hakuja ila siku ya mazishi. Aliondoka na mandolini kwapani, watu wakimpisha njia na kumpa pole.