Baba mkwe aliniambia niondoke, na damu ya mume wangu inaruka

Wakuu, salaam aleikum. Wanaoniamkia, marahaba kabisa.

Anayechapa ni mjukuu wangu, mimi nasema tu. Na hii si chai, umri wa kutunga uongo umenipita.

Jana nimeonyeshwa video ya ajali ya bodaboda pale Ukunda. Kijana anavuja damu, na kila anayefika anafunua kitambaa, "Hebu tuone." Jamani! Mnaona nini? Nimekasirika hata chakula sikula.

Sasa sikilizeni.

Miaka ya hamsini tulikaa Ramisi. Mume wangu Hamisi alikuwa mkata miwa. Kabla hajanioa alipelekwa vita vya Burma, kazi yake kubeba majeruhi. Vita hakupenda kuvizungumza, ila jambo moja alinikaririsha mpaka nikachoka: "Damu ikiruka, gandamiza. Usifunue. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu."

Nami humjibu, "Haya bwana, nimesikia, kula wali."

Asubuhi moja nampelekea uji shambani, nikasikia ukelele. Panga limeteleza kwenye muwa, limemwingia pajani. Damu haitiririki, inaruka!

Nikavua leso ya kichwani, nikaikunja, nikagandamiza.

Watu wakajaa. Huyu ana sukari, yule ana masizi, mwingine mafuta ya taa, eti dawa ya kidonda. Sijui walikuwa wanapika nini. Na wote wimbo mmoja: "Funua tuone." Bwana mmoja akaivuta leso kweli, damu ikamruka usoni, akazirai. Tukawa na wagonjwa wawili!

Nikagandamiza tena, lakini mikono ilikuwa inakufa ganzi. Hamisi midomo imempauka, akaninong'oneza, "Weka goti."

Hapo sasa. Baba mkwe alikuwa ameshafika.

Kwetu mkaza mwana akikutana na baba mkwe njiani hujitanda vizuri na kumpisha. Mimi kichwa wazi, nimempandia mwanawe pajani kwa goti, mbele ya wanaume watupu!

"Ondoka hapo," akasema. "Ni aibu. Wanaume watamshika."

Wanaume gani? Hawa wa sukari?

Niliogopa, lakini hasira ilizidi. Nikapiga kelele, "Shikamoo baba, siondoki! Nikiondoka utamzika leo. Nipe kilemba chako, leso imelowa!"

Akanitazama. Kisha akakivua kilemba, akanipa.

Goti sikulitoa mpaka lori la miwa lilipotufikisha hospitali, Msambweni. Hamisi alipona. Alichechemea maisha yake yote, na watoto wanne tukazaa.

Ila baba mkwe hakunisemesha. Salamu naitikiwa kwa kichwa tu. Niliumia, wakuu, nikajua nimeshajiharibia kwa wakwe.

Mpaka siku jirani yetu alipojikata kwa shoka. Niko jikoni, namsikia mzee anafoka uani: "Msifunue! Nimesema msifunue! Niitieni mkaza mwanangu, yule asiye na adabu!"

Nilikwenda mbio, nalia na kucheka.

Basi: gandamiza, usifunue, mkimbize hospitali. Sukari tieni kwenye chai.

Haya, nani humu amewahi kufunua "aone"? Jitajeni hapo chini niwaseme vizuri. Asiye na adabu yupo.