Ile X ya Ukutani

Mchana wa Voi, hata feni huzunguka kama inaota. Mama mmoja wa kijiji cha Mraru aliweka ndoo ya chokaa na brashi juu ya kaunta ya ofisi ya serikali, nami nikiwa kwenye foleni nyuma yake.

“Mama, korti imeshafuta ile amri ya kubomoa nyumba zenu,” karani alimwambia. “Ilikiuka katiba. Enda upumzike.”

“Nimesikia. Lakini X nyekundu mliyonichorea bado iko ukutani. Aliyeichora aje aifute.”

Karani akacheka. Mama akakaa kwenye benchi, akafumba macho, akakataa kuondoka.

Saa kumi nilimwona afisa mwenye tai wa ofisi hiyo akibeba ndoo ile kwenye vumbi jekundu, mama ametangulia. Tangu siku hiyo naota kila hukumu ikiishia hivyo: serikali inapaka chokaa, na mwenye nyumba anaionyesha mahali ilipoacha alama.