Nilivyotubu mbele ya shule nzima kwa sababu ya mjusi

Najua watoto wa mtaa wetu wa Kamalondo wamekwisha kuutungia mkasa huu wimbo, tena wimbo wenyewe mbaya, kwa hiyo heri niusimulie mwenyewe, aibu yangu niibebe kwa mikono yangu.

Ijumaa Frère wa sayansi (mabruda wanaotufundisha tunawaita hivyo) alitufundisha kwamba kuna mijusi waliopoteza miguu wakabaki kama nyoka, lakini utawatambua tu: mjusi ana kope za kufumba macho, tena ana tundu la sikio, nyoka hana hata kimoja. Nikaandika, nikafunga daftari, nikajiona daktari.

Kesho yake asubuhi, tukilima matuta ya viazi vitamu nyuma ya shule, jembe langu likafukua kitu cheusi, laini, chembamba kama kidole, bila mguu hata mmoja.

"Nyoka," akasema rafiki yangu Kasongo, akiruka nyuma.

"We mujinga, ile iko mujusi," nikamwambia (sikuangalia kope wala sikio, niliangalia sura ya Kasongo tu, ilivyoogopa ikanipendeza), nikakitia ndani ya shati ili nikakifiche katika sanduku la chaki la Frère.

Kengele ikalia. Shule nzima mistarini, mikono chini, hakuna kutikisika, Frère anakagua kucha. Ndipo kile kitu kikaanza kupanda kifuani, baridi, polepole, nikainamisha kidevu nikachungulia kwenye kola: macho ni vidoti viwili chini ya ngozi, kope hakuna. Nikatafuta sikio. Hakuna.

"Kasongo," nikanong'ona, "haifumbe macho."

"Ngojea, pengine italala."

"Haina na masikio."

"Basi utakufa," akasema bila kugeuka, "lakini usiniangukie, nimefua shati."

Kile kitu kikashuka tena, kikazunguka kiuno, nami nikakaza tumbo nikimfikiria mama, saa ile anasonga bukari, ugali wetu, nyumbani bila kujua kwamba ni ya matanga yangu. Halafu kitu kikanichoma chini ya kitovu, nikaanguka, na kwa kuwa Mkatoliki hafi na dhambi zake, nikazitoa zote kwa sauti.

"Cher frère, ninakufa, ni mimi nilikunywa divai ya misa, ni mimi nilichora Frère Directeur na pembe za mbuzi ku choo, Kasongo alinishikia ngazi, Mungu atuhurumie."

Frère akapiga magoti, akafunua shati langu. Pini ambayo mama alifungia kaptula yangu (kifungo kilipotea zamani) ilikuwa imefunguka na kuingia tumboni. Kisha akamshika yule mnyama mkiani, mkia ukakatika ukabaki unacheza vidoleni mwake, akafurahi kama mtoto.

"Très bien, tazameni. Nyoka hakati mkia hivi. Na tumboni nyoka ana magamba mapana, huyu ana madogo kama ya mgongoni. Anaishi ndani ya udongo, kwa hiyo macho na masikio yamefunikwa na magamba. Ndani bado iko mifupa ya mabega, mabaki ya mikono ya babu zake. Hawa wa udongoni nilikuwa nimewaweka kwa somo la Jumatatu."

Alifundisha hivyo nami nimelala chini kama meza yake. Halafu akajifuta mikono, akaniangalia.

"Na sasa, turudi kwa divai."

Baba aliitwa kutoka kazini kwenye reli, nusura nifukuzwe, na Kasongo hajanisemesha mpaka leo. Tangu hapo, hata kinichome kitu gani, nauma meno nanyamaza; dhambi nampelekea padri peke yake, ndani ya kibanda, tena kwa sauti ndogo.